Jina la sayari ya mbali: kitambulisho, jina la peke yake au jina la ukoo?

Darubini77:
Wakuu, kila sayari mpya ya nje ya mfumo wa jua ikitangazwa, mjadala wa majina unavurugika kwa sababu watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna kitambulisho cha katalogi, mfano HD 83443 b. Kuna jina la peke yake, kama Dimidium. Halafu kuna jina la ukoo, yaani nyota na sayari zake zinachukua majina ya fungu moja. Tuchukulie tunaandaa pendekezo la kupeleka Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki (IAU), nyota moja yenye sayari moja inayojulikana. Njia ipi haitatuaibisha sayari ya pili ikigunduliwa hapo baadaye? Mimi nipo upande wa ukoo, ila sio ukoo wowote.

Kimondo_K:
Anza na kitambulisho, maana hakiondoki hata jina likishapitishwa. Kanuni ni fupi: jina la nyota, nafasi, kisha herufi ndogo kuanzia b. Sayari "a" haipo. Herufi zinafuata zamu ya kugunduliwa, sio umbali kutoka kwenye nyota. Zikigunduliwa kwa mpigo ndipo ya ndani kabisa inachukua b. Ndiyo maana sayari za nyota 55 Cancri, ukihesabu kutoka ndani kwenda nje, ni e, b, c, f, d. Kepler-90 i iliyotangazwa 2017 imekaa katikati ya c na d, na bado kuna wanaochora michoro wakiitupa mwisho wa mstari.

Kosa ninaloliona zaidi ni herufi kubwa. Ukiandika HD 83443 B umeshasema habari ya nyota mwenza, sio sayari. 16 Cygni Bb ni sayari b inayozunguka nyota B ya 16 Cygni. Kepler-16 (AB) b inazizunguka nyota mbili kwa pamoja. Na ukiona nukta na tarakimu, kama KOI-7016.01, hiyo bado ni sayari tarajiwa, yaani haijathibitishwa. Hiyo hiyo ilipothibitishwa ndipo ikawa Kepler-452 b. Usitafute jina mpaka nukta iondoke.

MsomaAnga:
Jina la peke yake lina raha yake: fupi, linakaa kichwani. Tatizo linakuja pale linapobeba kipimo. Dimidium ni 51 Pegasi b, ile iliyotangazwa 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz. Ni Kilatini, maana yake nusu, kwa kuwa uzito wake ni kama nusu ya Mshtarii. Sasa kumbukeni sayari hiyo ilipatikana kwa kupima kuyumba kwa nyota, na njia hiyo inakupa uzito wa chini kabisa unaowezekana, kwa sababu mlalo wa obiti (njia ya sayari kuizunguka nyota) haujulikani. Jina limeng'ang'ania tarakimu ambayo yenyewe ina "kuanzia" mbele yake. Imenusurika, ila nisingerudia mtindo huo.

Enaiposha nayo (GJ 1214 b) ni neno la Kimaasai la maji mengi kama ziwa au bahari. Linapendeza, lakini linaegemea dhana kwamba sayari ile ina maji mengi, na angahewa yake imejaa ukungu mzito unaoficha kilichopo chini. Chagueni kitu kisichotegemea matokeo ya darubini ijayo.

Falaki_Tupu:
Mapendekezo mengi yanakwama kwenye mgongano wa majina. Asteroidi (miamba inayozunguka Jua) zenye majina ni zaidi ya 20,000, na ukijumlisha miezi ya Mshtarii na Zohali, majina mengi ya miungu na ya sifa njema yameshachukuliwa. Mwaka 2015 jina Amaterasu lilipendekezwa kwa sayari ya Epsilon Tauri, likakuta asteroidi imetangulia, likageuzwa kuwa Amateru. Veritas likawa Veritate kwa sababu hiyo hiyo. Sayari ya Epsilon Eridani ilipitishwa kwa tahajia AEgir, herufi mbili kubwa, kwa kuwa Zohali ina mwezi uitwao Aegir. Hapo mhariri yeyote "atasahihisha" E, na sayari igeuke mwezi.

Kwa hiyo nendeni na majina matano, sio moja, na kila moja mlitafute kwenye orodha ya asteroidi na ya miezi kabla ya kulipenda. Mengine ni ya kawaida: lisizidi herufi 16 pamoja na nafasi, litamkike, lisiwe la mtu aliye hai, la mnyama wa nyumbani wala la biashara. Tahajia mhakiki kwenye maandishi ya asili. Lipperhey, mojawapo ya sayari za 55 Cancri, ilitangazwa kwanza kama Lippershey, ikabidi irekebishwe.

Darubini77:
@Falaki_Tupu hapo kwenye matano umenena. Sasa ukoo. Katika kampeni ya majina ya IAU ya 2019 kila nchi iliyoshiriki ilitoa jina la nyota na la sayari kwa pamoja, zikiwa na maudhui mamoja, ili sayari ikiongezeka ipate pa kuchota. Tazama Ethiopia: nyota HD 16175 ni Buna, yaani kahawa, na sayari yake ni Abol, mkupuo wa kwanza wa kahawa inapoandaliwa kwa desturi yao. Mikupuo inayofuata ni tona na baraka, kwa hiyo viti viwili viko tayari. Kenya waliita nyota HD 83443 Kalausi, kimbunga kwa Kijaluo, na sayari Buru, vumbi. Picha nzuri sana, lakini baada ya upepo na vumbi unaweka nini? Tanzania waliipa WASP-71 jina Mpingo na sayari yake Tanzanite. Hapo fungu ni pana mno: mti na jiwe, cha tatu kinaweza kuwa chochote.

ObitiNdefu:
Ukoo wenye viti vya kuhesabika nao ni mtego. Ukichagua vitu vitatu na sayari zikafika nne, umekwisha. 55 Cancri walikwepa hilo: nyota ni Copernicus, sayari ni Galileo, Brahe, Lipperhey, Janssen na Harriot. Majina ya wanafalaki na watengeneza darubini wa kale hayamaliziki.

Mgeni_wa_Anga:
Vile vyeti vya kuipa nyota jina vinavyouzwa mtandaoni je?

Kimondo_K:
@Mgeni_wa_Anga IAU haivitambui. Umenunua karatasi.

@Darubini77 kabla ya ukoo, hakikisheni kwamba kitu chenyewe kipo. Fomalhaut b ilitangazwa 2008 kwa picha, ikaitwa Dagon 2015, halafu uchambuzi wa 2020 ukaonyesha kuwa huenda lilikuwa wingu la vumbi linalotawanyika baada ya miamba kugongana. Jina lipo, sayari haionekani. Mimi ningechukua sayari iliyothibitishwa kwa njia mbili, kupita mbele ya nyota na kuyumba kwa nyota. Hapo una kipenyo na uzito, na ni vigumu ikanyang'anywa.

MsomaAnga:
Na kwenye pendekezo andikeni jina na kitambulisho pamoja kila mara: Abol (HD 16175 b). Ukitafuta "Buna" peke yake mtandaoni utaletewa kahawa tu.