Madevelopa huru waungane kwa ushirika, au kila mtu aendelee kupambana kivyake?

Wadau, naweka hoja mezani na naomba tuichambue bila kukejeliana, maana inagusa riziki za watu.

Machi 20, 2024 kampuni ya Redis ilibadilisha leseni ya hifadhidata yake ili makampuni makubwa ya wingu yasiendelee kuiuza kama huduma bila makubaliano. Siku nane baadaye Linux Foundation, taasisi inayosimamia miradi ya programu huria, ikatangaza Valkey, mradi uliochukua msimbo wa leseni ya zamani na kuuendeleza, ukiungwa mkono na Amazon, Google na Oracle. Hawa ni mahasimu wanaonyang'anyana wateja kila kukicha. Masilahi yao yalipoguswa, walikaa meza moja kabla wiki mbili hazijaisha. Hawakuvunja sheria yoyote, leseni ya zamani iliwaruhusu. Ila tukubali kwamba wakubwa wanajua kujipanga, na waliotawanyika ni sisi.

Mwaka uliotangulia, Reddit, mtandao wa majadiliano, iliamua kuwatoza watengenezaji wa nje wanaotumia data zake. Christian Selig, aliyekuwa na Apollo, aplikesheni ya kusomea Reddit, alipiga hesabu akakuta angedaiwa takribani dola milioni 20 kwa mwaka. Aliifunga Juni 30, 2023. Maelfu ya jumuiya za Reddit ziligoma kuanzia Juni 12, lakini nyingi zilishatangaza mapema kuwa mgomo ni wa saa 48. Ukimwambia mwenye mali siku utakayorudi kazini, atakusubiri tu. Bei haikushuka. Waliopata msamaha ni watengenezaji wa programu zisizo za biashara zinazowasaidia wasioona, na hao walipata baada ya wasioona wenyewe kupaza sauti kwa pamoja.

Msimamo wangu ni huu: tuanzishe vyama vya ushirika vya kazi, vyenye katiba, vinavyomiliki kwa pamoja msimbo, mikataba na seva. Vikundi vya WhatsApp vya kutumiana nafasi za kazi havitoshi. Ni vizuri, tuviendeleze, lakini kikundi hakiwezi kusaini mkataba wala kumshtaki mteja aliyegoma kulipa.

Jambo hili linawezekana. Igalia, kampuni ya kutengeneza programu, ilianzishwa A Coruña, Hispania, mwaka 2001, na inamilikiwa na wafanyakazi wake, ambao ndio wanaoamua mambo katika mikutano yao. Wamekuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa Chromium na WebKit, miradi ya msimbo inayobeba vivinjari vya Google na Apple, na tangu 2023 wanaiendeleza Servo, injini nyingine ya kivinjari. Najua atakayesema wateja wao wengine ni hao hao wakubwa. Ni kweli, na sioni aibu yake. Wanauza kazi wakiwa wengi, kwa bei waliyoikubali wao, na mteja mmoja akiondoka hakuna anayelala njaa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka hapa hapa nyumbani. Watanzania wengi wakisikia neno ushirika wanakumbuka wizi wa viongozi na mkulima asiyelipwa. KNCU, chama kikuu cha ushirika, iliwaunganisha wakulima wadogo wa kahawa Kilimanjaro tangu 1933, na bado mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Hofu hiyo naiheshimu. Jibu langu ni kuanza na chama kidogo cha watu wanaojuana kazi, hesabu zikionekana na kila mwanachama wakati wowote, na uongozi ukiwa wa muda maalumu. Msimbo nao una faida moja ambayo gunia la kahawa halina: mweka hazina akikimbia, kila mwanachama bado anayo nakala yake.

Halafu kuna suala la leseni, ambalo wengi tunalipita haraka. Tunabandika MIT, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia msimbo karibu bila masharti, kwenye kila kitu kwa mazoea. AGPL, iliyotoka 2007, inamtaka anayeiboresha programu na kuitoa kama huduma mtandaoni awape watumiaji msimbo wa toleo hilo aliloliboresha. Sera za Google zenyewe zinakataza msimbo wa AGPL kutumika ndani ya kampuni. Kampuni ya programu ya Elastic mwaka 2024 na Redis mwaka 2025 zote ziliiongeza kwenye leseni zao baada ya misukosuko. Chama kikimiliki haki za msimbo, kinaweza kuutoa kwa AGPL kwa umma, kisha kuliuzia leseni nyingine kampuni linaloogopa sharti hilo. Mtu mmoja akijaribu hivyo, mwanasheria mmoja wa upande wa pili anatosha kumchosha.

Wenye uzoefu wa kuomba zabuni kwa pamoja, naomba mnijibu haya mawili hasa: mkataba asaini nani kabla chama hakijasajiliwa, na mwanachama akijitoa baada ya miaka mitatu, haki za msimbo alioandika zibaki kwa nani?