Sanamu la kichina kichwa kinachomoka, nitie gundi?

mie_wa_Wete
A.alaykum wanajamvi. Katika vitu vya marehemu bibi mie nimeangukiwa na sanamu la udongo, mtu wa kichina kasimama, urefu kama chupa ya maji ya lita moja na nusu, kanzu ya kijani mikono rangi ya asali, linang'aa kama sahani ila uso haung'ai kabisa, udongo mtupu na wino mweusi kidogo machoni. Tatizo kichwa, ukikivuta unakuja nacho mkononi. Mjomba anasema limevunjika tulitie supaglu. Na muuza antiki mmoja mjini kanambia limekuja na majahazi enzi hizo, anataka kunipa laki mbili. Kweli jamani?

kigae_kigae
USITIE GUNDI!! Kichwa kimefanywa kitoke. Sanamu za makaburini za enzi ya Ming, ukoo wa wafalme wa kichina (1368–1644), nyingi ndo hivyo, mwili na kichwa kila kimoja na kalibu yake halafu kinachomekwa shingoni. Tajiri akifa anafukiwa na msafara mzima wa udongo, watumishi, wapiga ngoma, wabeba machela. Na uso uliachwa makusudi, kwa sababu ule mng'aro ukiyeyuka tanurini unatiririka, macho na midomo yangezama humo, basi wakaupaka rangi baada ya kuchoma. Kijani ni shaba, asali ni chuma, na kinachoyeyusha ni madini ya risasi, sumu hiyo, kwa hivyo watoto wasilirambe.

bi_mdogo
La kaburini na umeliweka sebuleni?? 😂😂 mie leo ningelala kwa shangazi

ami_Malindi
Hilo la majahazi mie simkubalii. Majahazi yalileta mabakuli na sahani, ndo zile za kwenye zidaka na zilizopachikwa makaburini kwetu, Unguja Ukuu kuna vigae vya tangu enzi ya Tang na Kajengwa, Makunduchi, 1945 zilifukuliwa sarafu za Song (Tang na Song ni wafalme wa kichina wa kabla ya Ming). Sanamu hizi hazikuwa bidhaa, zilizikwa na mwenyewe zikabaki huko huko mpaka watu walipoanza kufukua, kama mji wa Luoyang huko Uchina reli ilipopitishwa penye makaburi ya Tang mwanzoni mwa karne ya 20. Basi la bibi yako limefika juzi tu, na feki zimejaa, farasi na ngamia wa Luoyang mpaka leo wanafinyangwa kwa watalii. Tia kidole maji usugue udongo wa ndani, ukitoka kama matope ya jana ujue umepakwa. Kipimo chenyewe ni maabara, wanatoboa wakapata unga kidogo, wanaupasha moto unatoa mwanga, ndo wanajua ulichomwa zamani au la. Laki mbili usichukue kwanza.

mie_wa_Wete
Ahsanteni. Bibi alikuwa nesi, alifanya kazi na madaktari wa kichina walokuja baada ya Mapinduzi, nahisi zawadi yao. Nimesugua, udongo mgumu hautoki. Mjomba keshakwenda dukani kununua gundi, kichwa nimekificha kwenye pipa la mchele.