Binti kachaguliwa Kilakala na pia kapata nafasi shule binafsi yenye divisheni wani tupu, tuangalie nini hasa?

MamaWawili
Habari zenu ndugu zangu, naombeni mawazo. Majina ya TAMISEMI ya wanaoingia fom wani yametoka na binti yangu kachaguliwa Kilakala pale Morogoro, zile shule za serikali za vipaji maalum. Sasa kabla ya hapo alifanya usaili shule moja binafsi akapita, na hiyo matokeo yake ya fom foo ni divisheni wani mwanzo mwisho, divisheni tuu unazitafuta kwa tochi. Baba yake anasema hapo hakuna cha kujadili, tukope tulipe ada. Mimi moyo unasita. Zote mbili zinachuja mlangoni, mtoto anayeingia ni mzuri tayari, sasa tunajuaje kwamba ni shule ndio imefanya kazi na siyo akili za mtoto mwenyewe? Shule inayochukua vichwa tupu inakuwa bora kwa lipi? Mliosoma au mnaofundisha huko nisaidieni, Januari hiyo imefika.

MnyaluHalisi
Hongera sana kwa binti dada. Mimi nimesoma moja ya zile za vipaji za wavulana, fom wani mpaka fom foo, naongea nilichokiona kwa macho. Kitu cha kwanza pale ni wale watoto wenyewe. Kila mmoja alikuwa namba moja kwao, mnakutana wa Newala, wa Ukerewe, wa Kasulu, wa Temeke, halafu mtihani wa kwanza unajikuta wa hamsini na kitu. Hapo ndio unajifunza kusoma, maana huko nyuma ulikuwa unafaulu tu.

Usiku wakati wa prepu darasa linageuka. Kulikuwa na mwenzetu ametoka kijijini kabisa, Kiingereza hana, lakini hesabu anaziona. Anasimama ubaoni na kipande cha chaki kidogo kama punje ya hindi, anaeleza kwa Kiswahili huku anaandika kwa Kiingereza, sisi tumekaa juu ya meza, na mtu akisema sijaelewa anafuta anaanza upya, hakasiriki. Na yeye Kiingereza alikipatia humo humo kwa wale wa mjini tuliokuwa tunamsahihisha insha zake. Hakuna mwalimu aliyetupangia hilo, tulilikuta kwa kaka zetu wa fom foo na tuliwaachia waliokuja nyuma. Mimi hiyo ndio naita shule bora, kwa sababu nilipofika chuo nikakutana na watu wana wani ya pointi saba kavu, yaani ya juu kabisa, lakini akikosa mtu wa kumpa notsi zilizochambuliwa hajui aanzie wapi.

BabaKarimu
Naheshimu hayo ya kaka hapo juu ila tusiwavunje moyo wazazi wanaolipa. Vijana wangu wawili wamepita shule binafsi na nilicholipia nilikiona. Mwalimu hakosi kipindi, silabasi inaisha mapema, maabara mtoto anashika bureti mwenyewe anafanya taitresheni mpaka mkono unazoea, siyo mnasimama kumi mnaangalia mmoja. Kuna shule za serikali nzuri sana lakini zipo pia ambazo mwalimu wa fizikia ni mmoja na vidato vyote vinamsubiri yeye. Mtoto mwenye akili akikosa mwalimu atajisomea, sawa, lakini kwa nini ateseke? Na mtoto wa kike nauliza pia maji, uzio, matroni anayesikiliza watoto. Hayo nayo ni ubora. Mama usione aibu kuyauliza popote pale.

TichaFizikia
Nimefundisha pande zote mbili kwa hiyo ngoja niseme kwa urefu kidogo.

Swali la mama limelenga penyewe. Shule ikichagua watoto wenye A tupu darasa la saba halafu miaka minne baadaye ikatoa wani tupu, hiyo wani peke yake haijatuambia kitu kuhusu shule. Ndio maana mimi sikusikitika NECTA, baraza la mitihani, walipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, ile orodha ilikuwa inatuonyesha nani amechuja zaidi. Lakini matokeo yenyewe bado yako wazi kwenye tovuti yao na mzazi anaweza kuyasoma vizuri kuliko orodha yoyote, watu wengi hawajui tu.

Fungua matokeo ya fom tuu ya shule hiyo, hesabu watahiniwa. Halafu fungua ya fom foo ya miaka miwili mbele, ni watoto wale wale. Mfano fom tuu walikuwa 120 na fom foo wako 80. Wale 40 wako wapi? Kuhama kupo, wazazi wanahamishwa kazi, kuna magonjwa, lakini siyo arobaini. Kuna shule mtoto akishuka chini ya wastani waliojiwekea mzazi anaitwa ofisini anaambiwa kwa upole amtafutie shule nyingine, na huyo hahesabiwi tena kwao. Inaniuma sana hii, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tano anaondoka anaamini ni mjinga wakati alikuwa anahitaji mtu wa kukaa naye mwezi mmoja kwenye aljebra.

Pia usiishie kwenye neno wani. Wani inaanza pointi 7 mpaka 17. Saba ni A masomo yote saba yanayohesabiwa, kumi na saba inaweza kuwa B nne na C tatu. Angalia yule wa mwisho kwenye orodha ana ngapi, huyo ndiye anakwambia walimu wanafanya nini, maana wa kwanza angefaulu hata akisoma chini ya mwembe.

Kilakala ina historia yake, ilianza kama Marian College ya masista wa Maryknoll, na imelea wasichana wengi sana. Ila hata huko nenda kaone mwenyewe.

MkaaziNairobi
Nawasalimu kutoka Kenya. Huku tuna mfano mmoja ambao naupenda, Starehe Boys. Ilianzishwa 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya vijana waliokuwa wanarandaranda mitaani, na ikaja ikawa kati ya shule zinazoongoza Kenya nzima. Wanachagua kwa alama ndio, lakini wanatazama pia umaskini wa familia, mtoto mkali asiye na karo ndiye wanayemtafuta. Na vijana wenyewe ndio wanaiendesha shule kwa sehemu kubwa, kisha wakimaliza kidato cha nne wanaenda kujitolea kabla ya chuo. Kwa hivyo mama, uliza pia shule inachagua akina nani na inawafunza kuishi na watu vipi.

MamaWawili
Asanteni sana, Mungu awabariki. Ticha nimefanya ulivyosema, nimekaa na simu mpaka saa sita usiku. Ile ya binafsi fom tuu walikuwa 112, fom foo 71. Nimerudi mwaka wa nyuma yake nako hivyo hivyo, wanapungua thelathini na kitu. Nimemwonyesha baba yake, kanyamaza, kasema tuwaulize kwanza.

BabaKarimu
Hapo hata mimi ningeuliza. Ya vijana wangu haikupungua namna hiyo.

TichaFizikia
Kapigeni simu asubuhi mkiwa wote wawili. Wakisema wamehama, ulizeni walihama baada ya mtihani upi. Halafu wiki hii hii panda basi nenda Morogoro, usiongee na mkuu wa shule tu, omba uonane na msichana wa fom thrii ambaye hayumo kumi bora, muulize akikwama anamwendea nani.

MamaWawili
Alhamisi naenda na binti mwenyewe. Nitaleta mrejesho hapa hapa.