Ekzosi inatoa harufu ya mayai viza: je, nikate masega?

Dereva wa Iringa

Ndugu zangu, heshima kwenu. Ninaendesha gari dogo la petroli la cc 1300, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika. Mwanzoni harufu ya mayai viza ilisikika tu nilipomaliza kupanda Kitonga, na ilikuwa imekwisha kabla sijafika Ilula. Sasa inasikika hata kwenye tambarare, na huwa kali zaidi ninaposimama injini ikiendelea kunguruma. Mafuta nayo yanakwisha haraka, kwani lita iliyokuwa ikinipeleka kilomita 15 sasa hainifikishi 12, ingawa taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka. Fundi niliyempelekea alisikiliza maelezo yangu, kisha akasema masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilicho ndani ya bomba la ekzosi, yamekufa na dawa yake ni kuyakata na kuunga bomba tupu. Je, ushauri huo ni sahihi?

Fundi wa mfumo wa mafuta, Morogoro

Ndugu, nakusihi usiyakate kwanza. Petroli ina salfa kidogo, ambayo ikiungua ndani ya silinda huwa salfa dioksidi, na sehemu yake hunaswa kwenye masega gari linapotembea kwa mwendo wa kawaida. Injini ikipewa mafuta mengi kuliko hewa, masega hukosa oksijeni, na salfa iliyonaswa huungana na hidrojeni ikatoka kama hidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo harufu unayoisikia. Ukipanda Kitonga umekanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta ya gari huongeza petroli kwa makusudi, hivyo harufu ya muda mfupi pale juu si ugonjwa. Kinachonitia wasiwasi ni kunuka tambarare pamoja na ulaji wa mafuta uliopanda. Ukiyakata masega, harufu itapotea lakini petroli itaendelea kumwagika, na plagi na oili ya injini ndizo zitakazoumia.

Pima gari kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari injini ikiwa imepata moto, uangalie marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Asilimia iliyo karibu na sifuri ni nzuri. Ikishuka chini ya −10, maana yake kompyuta inapunguza petroli kwa sababu inaona imezidi. Taa yako inaweza isiwake mpaka kompyuta ishindwe kabisa kurekebisha, ndipo huandika P0172, namba ya kosa la petroli kuzidi. Soma asilimia hiyo gari likiwa limesimama, kisha uisome tena kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Ikiwa ni mbaya zaidi gari likiwa limesimama, nozeli (kifaa kinachopulizia petroli kwenye injini) inayovuja ndiyo ya kushukiwa kwanza, kwa kuwa kiasi kilekile kinachovuja huonekana kikubwa pale injini inapohitaji petroli kidogo.

Mkaguzi wa magari, Dodoma

Ninaunga mkono, na ninaongeza jambo ambalo gereji zetu nyingi hulipuuza: ulizia kama thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya injini, ilitolewa. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha, wakaliacha hivyo. Injini isiyofikia joto lake, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 95, huhesabiwa na kompyuta kuwa bado ni ya baridi, nayo huendelea kuiongezea petroli. Sensa ya joto la maji ikidanganya, matokeo ni hayohayo. Mashine ile ile itakuonyesha joto hilo, kwa hiyo lisomeni siku hiyohiyo.

Fundi umeme, Tanga

Hakikisha pia kwamba harufu inatoka nyuma. Betri inayochajiwa kupita kiasi hunuka vivyo hivyo, ila harufu yake husikika ukifungua boneti. Alteneta, inayochaji betri, ikitoa zaidi ya volti 15, au ubavu wa betri ukiwa umevimba, usiwashe kiberiti karibu yake, kwa sababu betri hiyo inatoa pia gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka.

Dereva wa Iringa

Ninawashukuru sana. Betri ni nzima na thamostati ipo. Marekebisho yalisoma −18 gari likiwa limesimama, na −6 kwenye mizunguko 2500. Tulipotoa plagi, tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, na ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi tii, imefunikwa masizi makavu. Nozeli yake ilipowekwa kwenye mashine ya kupimia ikiwa imefungwa, tone lilikuwa linajikusanya kwenye ncha na kudondoka, likafuatwa na jingine. Imebadilishwa. Sasa swali langu ni kama masega yamesalimika.

Fundi wa mfumo wa mafuta, Morogoro

Yanaweza kuwa yamesalimika, ingawa petroli isiyoungua huungulia ndani yake na ikizidi huyayeyusha. Ekzosi ikiwa imepoa, yagonge kwa nyundo ya mpira: yakilia kama yana vipande ndani, yamevunjika. Kisha angalia sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, injini ikiwa ya moto na mzunguko ukiwa umetulia. Volti yake inapaswa kutulia karibu na 0.7, na ikiwa inapanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9, masega hayafanyi kazi tena. Usishangae harufu ikijirudia kidogo kwenye safari za mwanzo, kwa maana salfa iliyolimbikizwa bado inatoka. Vipimo hivyo vyote vifanyie nje, usivifanyie kwenye banda lililofungwa, kwa sababu ekzosi hutoa pia kaboni monoksidi, ambayo huua na haina harufu yoyote.