Kwa nini kaunta ya Geiger isitoshe kupima mionzi ya Mirihi?

Maalim wa Wete:
Assalamu alaykum, wanajukwaa. Nasomesha fizikia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Juzi, katika somo la unururifu, niliwaeleza wanafunzi kuwa kigari cha Curiosity, kilichotua katika kreta ya Gale huko Mirihi mwezi wa Agosti 2012, kimebeba chombo kiitwacho RAD, chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, ambacho kazi yake ni kupima chembe zenye nishati kubwa zinazoifikia ardhi ya sayari ile. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa nini hawakupeleka kaunta ya Geiger tu, kile chombo kinacholia kila kinapopigwa na mionzi, ambacho ni chepesi na rahisi. Nilimjibu kijuujuu, na nafsi yangu haikuridhika. Nami nina swali langu: kigari hicho hupata umeme wake kutokana na plutoniamu, basi vipi chombo kilichopakiwa pamoja na kinururifu kiaminiwe kupima mionzi itokayo angani?

Binti Tunguu:
Wa alaykum salaam, Maalim. Mwanafunzi wako kauliza swali la msingi kabisa. Kaunta ya Geiger ni sawa na karani wa bandari ya Mkoani anayehesabu magunia bila ya kuuliza lipi la karafuu na lipi la saruji: idadi ataipata, lakini uzito wa shehena hataujua. Mionzi inayotoka nje ya mfumo wa Jua imechanganyika. Sehemu kubwa ni protoni, zikifuatiwa na viini vya heli, kisha viini vizito vichache, hadi chuma. Nishati ambayo chembe huiacha ndani ya maada hufuata mraba wa chaji yake, kwa hiyo kiini cha chuma, chenye chaji 26, huacha mara 676 ya ile inayoachwa na protoni yenye mwendo uleule. Kwa kaunta ya Geiger zote mbili ni mlio mmoja.

RAD imepangwa kwa tabaka. Juu mna vigunduzi vyembamba vya silikoni, chini yake fuwele ya iodidi ya sesiamu, kisha plastiki inayotoa mwanga inapopigwa na chembe. Kwa kulinganisha nishati iliyoachwa katika kila tabaka, na kwa kuangalia chembe imesimama wapi, hujulikana ni ya aina gani. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo hunaswa kwa hila: plastiki ina haidrojeni nyingi, nyutroni huigonga protoni, na protoni hiyo ndiyo inayoonekana. Vigunduzi vya ndani vimezungukwa na plastiki nyingine iliyo kama mlinzi. Ikiwa mlinzi hakuona kitu na wa ndani ameona, basi aliyeingia hakuwa na chaji.

Ama plutoniamu, wasiwasi wako una haki. Jenereta ile hutoa gama na nyutroni, na mchango wake lazima utolewe katika hesabu. Lakini nishati ya mionzi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya chembe za angani, kwa hiyo inasumbua zaidi upimaji wa chembe zisizo na chaji. Kiini cha chuma kutoka angani hakiwezi kuchanganywa nayo.

Maalim wa Wete:
Ahsante sana, Bibiye. Je, kwa lugha ya vipimo, matokeo yalikuwa kiasi gani?

Binti Tunguu:
Katika siku 300 za mwanzo, wastani ulikuwa miligrei 0.21 kwa siku. Hiyo ni nishati tupu. Ukiizidisha kwa kigezo cha madhara kwa mwili, ambacho kwa mchanganyiko ule ni kama 3, unapata milisiverti 0.64. Mtu hapa duniani hupata kwa wastani milisiverti 2.4 za mionzi ya asili kwa mwaka mzima, yaani kiasi cha siku nne za Mirihi. Mfanyishe mwanafunzi wako hesabu hiyo ubaoni, kwani ndiyo inayoonesha kwa nini aina ya chembe ni lazima ijulikane.

Mvuvi wa Kojani:
Naomba kuongeza jambo. Nimesoma kwamba kipimo hicho hupanda na kushuka kila siku. Ni kama maji kujaa na kupwa?

Binti Tunguu:
Karibu sana, ila anayevuta huko si mwezi. Jua hupasha moto angahewa ya Mirihi, na kanieneo ya hewa katika Gale hubadilika kwa takriban sehemu moja ya kumi ndani ya siku moja. Hewa ile ni nyembamba, haifiki hata asilimia moja ya kanieneo ya kwetu, lakini ndiyo kinga pekee iliyopo: ikizidi juu ya chombo, kipimo hupungua kwa asilimia chache. Zaidi ya hapo, Jua lenyewe likichangamka, uga wake wa sumaku huzuia sehemu ya mionzi ya mbali, lakini hapo hapo huweza kurusha dhoruba yake ya chembe. Ile ya tarehe 20 Mei 2024 ilikadiriwa kufikia maikrogrei 8,100, yaani miligrei 8.1, ambazo ni zaidi ya mwezi mzima wa siku za kawaida.

Maalim wa Wete:
Mwanafunzi yule yule anauliza kama kujificha pangoni, mfano wa pango letu la Kuumbi kule Jambiani, kungesaidia.

Binti Tunguu:
Mwambie kuwa jambo la karibu na hilo limeshapimwa. Mwaka 2016 kigari kiliegeshwa ubavuni mwa kilima cha mwamba, mahali paitwapo Murray Buttes, na kipimo kikashuka kwa kama asilimia 5. Upungufu ulikuwa mdogo kuliko sehemu ya anga iliyozibwa, kwa sababu chembe zinazokuja kutoka upeo wa macho zimeshapunguzwa na hewa nyingi zaidi njiani, na mwamba wenyewe ukipigwa hutoa chembe nyingine, zikiwemo nyutroni. Pangoni, palipo na mita kadhaa za mwamba juu, hali ingekuwa nyingine kabisa.