Kamera ya mwaloni inatoa majani ya pinki: sensa imekufa?

Igombe_Mwaloni: Wadau, kamera ya volti 12 iko mwaloni Igombe, Mwanza, imefungwa chini ya bati. Mchana majani yanatoka pinki, nguo nyeusi zambarau. Usiku chengachenga tupu, na taa za wavuvi wa dagaa zinageuka madoa meupe. Fundi anasema sensa, kile kipande kinachonasa picha, imeungua. Ni kweli?

Nyundo: Hapana. Hilo ni chujio la infraredi limekwama, yaani kioo kinachozuia mwanga usioonekana kwa jicho. Fotoni (chembe ya mwanga) ikiingia kwenye silikoni ya sensa na nishati inayozidi eV (elektronivolti) 1.12, inang'oa elektroni, nayo inanaswa ndani ya pikseli, kile kidoti kimoja cha picha. Muda wa kupiga picha ukiisha, chaji iliyokusanyika inageuzwa kuwa volti, kisha namba. Sasa, eV 1.12 ni mwanga wa urefu wa wimbi kama nanomita 1100, wakati jicho letu linaishia karibu 700. Sensa inaona infraredi usiyoiona wewe, na majani huirudisha kwa wingi. Ndiyo maana mchana chujio hukaa mbele ya sensa, na usiku husogea pembeni ili taa za infraredi za kamera, za nanomita 850, zisaidie. Funika kihisi cha mwanga kwa kidole. Husikii "tik"? Limekwama.

Mtaalamu_wa_bei_poa: Madoa ni habari nyingine. Pikseli ndogo hubeba elektroni elfu chache hadi elfu kumi hivi tu. Ikishajaa, hata ushushe mwangaza kwenye programu hurudishi kitu, hakikurekodiwa. Geuza kamera taa zitoke kwenye fremu, au punguza muda wa kupiga picha.

Chengachenga: pikseli ikipata elektroni 100, hesabu huyumba kibahati kwa kama 10, yaani asilimia 10. Ikipata 10,000, asilimia 1. Kupandisha geini (ukuzaji wa mawimbi ya picha) kunakuza picha na chengachenga pamoja. Halafu joto nalo hung'oa elektroni bila mwanga wowote. Kila nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi zikiongezeka, hizo karibu zinakuwa maradufu. Bati hilo linaichoma kamera mchana kutwa. Ishushe iachane nalo.

Igombe_Mwaloni: Nimefunika, kimya. Ninunue kamera mpya?

Nyundo: Subiri. Pima volti kwenye plagi ya kamera yenyewe, usiku, taa zake zikiwaka. Waya mrefu na mwembamba unakula volti, koili inayosogeza chujio inakosa nguvu. Ikisoma karibu 12, badilisha kifaa cha chujio: kipo kati ya lenzi na sensa, kina waya mbili. Fungulia ndani, mbali na vumbi la dagaa, na usiguse sensa kwa kidole. Ukirudisha lenzi, fokasi upya.