Naomba ushauri: kuoanisha wapangaji wa Middleton na nyumba za Milton Abbas

Wadau wa kumbukumbu za ardhi, naombeni mwongozo. Joseph Damer alinunua Milton Abbey, shamba kubwa lililoko Dorset, Uingereza, mwaka 1752, kisha akaubomoa mji wa Middleton uliomharibia mandhari. Hakufanya hivyo kwa mkupuo. Alingoja mikataba ya upangaji iishe, na mikataba ya kule mara nyingi ilidumu hadi watu watatu waliotajwa ndani yake wafariki. Waliobaki wakahamishiwa Milton Abbas: nyumba 36 hivi za paa la nyasi, zinazofanana kama pacha, kila moja ya familia mbili.

Mkwamo uko kwenye sensa, ninapotafuta nani aliishi nyumba ipi. Namba ya pembeni mwa ukurasa ni ya fomu ya kaya, si ya nyumba. Karani akivuka barabara katikati, hesabu yote inateleza. Afadhali uthamini wa ardhi wa 1910, maana ramani yake ina namba za viwanja na daftari linataja mwenye mali na mkaaji. Wakati huo shamba lilishakuwa la familia ya Hambro, walionunua 1852.

Je, nirudi nyuma kutoka 1910, au nianze na mikataba ya Damer? Na mafaili ya mahakama ya kabaila (mahakama ya mwenye shamba kwa wapangaji wake) kabla ya 1733, yaliyo kwa Kilatini, mnayasomaje?